Umeme Unaopotea Njiani, na Hesabu Inayoweza Kuupunguza

Dadangu anauza barafu hapa Kisauni. Friza yake iko nyumba ya uani, na barafu hiyo ndiyo karo ya watoto wake. Wateja wake ni wachuuzi wa samaki wa asubuhi na vijana wa maji ya ukwaju. Mwaka jana friza ikaanza kusumbua kila jioni. Inanguruma, inazima, inawaka tena, na asubuhi barafu ni nusu maji. Dadangu akaanza kuweka pesa kando anunue stabilaiza, na akisikia redioni kuhusu mitambo mipya ya umeme anasema, "Heri waijenge upesi."

Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani kwa zaidi ya miaka ishirini, na waya unaokwenda nyumba ya uani niliuvuta mimi mwenyewe. Kwa hivyo aliyegundua ubaya si mimi. Ni mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa umeme, aliyekuja likizo na mita yake mfukoni. Alipima nyumba kubwa, akapima uani, kisha akaniita kando ili mamake asisikie.

"Mjomba, usinikasirikie. Friza ni nzima. Umeme ndio unafika umechoka."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya aliyonieleza jioni ile, na niliyosoma baadaye. Yaliyotupata katika mita 60 za waya ndiyo yanayoipata nchi nzima katika maelfu ya kilomita, na dawa yake si kuzalisha umeme zaidi kila mara. Mara nyingine ni kuupanga vizuri ule uliopo.

Hasara huzaliwa vipi

Kila waya hukinza umeme kidogo. Umeme unapopita, sehemu yake hugeuka joto na kupotelea hewani. Kinachosahauliwa ni kwamba hasara hii haipandi sawasawa na mzigo. Inapanda kwa mraba wake: ampea zikizidishwa mara mbili, hasara inazidi mara nne, zikizidishwa mara tatu, hasara inazidi mara tisa.

Waya wangu wa uani ulikuwa wa milimita mraba 1.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo mita 60 ni mita 120, na ukinzani wake ni kama ohmu 1.4. Friza peke yake ikivuta ampea 3, hasara ni takribani wati 13 na volti zinazopungua njiani ni kama 4. Hapo hakuna atakayeona kitu. Lakini jioni, pasi na vifaa vingine vikiwashwa uani na mzigo ukafika ampea 10, hasara inaruka hadi wati 140 na volti 14 zinapotea. Mzigo umeongezeka mara tatu na kitu, hasara imeongezeka mara kumi na moja. Wati hizo 140 zinapita kwenye mita ya dadangu, analipia tokeni, na hazimgandishii hata kipande kimoja cha barafu.

Tulibadilisha waya, tukaweka wa milimita mraba 6. Ukinzani ukashuka hadi robo ya ule wa kwanza, na hasara kwa mzigo uleule ikawa wati 35. Pesa ya stabilaiza ikarudi kwenye karo.

Gridi nzima inafuata kanuni hiyohiyo. Ndiyo maana umeme wa masafa marefu husafirishwa kwa volti kubwa: nguvu ileile ikisafirishwa kwa volti maradufu, ampea zinakuwa nusu na hasara inakuwa robo. Kati ya Nairobi na Mombasa kuna laini kubwa ya takribani kilomita 480. Ikifika kwetu, volti hushushwa kwa hatua: 33,000, kisha 11,000, na transfoma ya mtaani inamalizia kwa 240 za soketi yako. Kadiri volti zinavyoshuka ndivyo ampea zinavyopanda, na ndiyo maana sehemu kubwa ya hasara hutokea huku mitaani, si kule kwenye minara mirefu.

Hesabu ya taifa

Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, Kenya Power ilinunua zaidi ya uniti bilioni 13 kutoka kwa wazalishaji. Kati ya kila uniti 100, takribani 23 hazikumfikia mteja anayelipa. Tuseme mwenye mkokoteni amejaza mitungi 100 ya maji kisimani, na anapofika mtaani ana 77. Mitungi mingine inavuja, mingine imechotwa njiani na watu wasiolipa.

Hasara hizo ni za aina mbili. Kuna za kiufundi, yaani joto la nyaya na transfoma. Na kuna za kibiashara: umeme wa kuibwa, mita mbovu, na bili zisizo sahihi. Hesabu nitakayoieleza inatibu zaidi ile aina ya kwanza, ingawa nitarudi kwenye ya pili.

Wewe na mimi tumo ndani ya jambo hili. Mamlaka ya udhibiti, EPRA, huweka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa kuingizwa katika bei ya umeme. Hasara iliyo ndani ya kiwango hicho hulipwa na wateja. Inayozidi huibeba kampuni yenyewe. Kupunguza uniti moja tu katika kila 100 ni kuokoa zaidi ya uniti milioni 130 kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo.

Pwani yetu ina mizigo yake ya ziada. Joto huongeza ukinzani wa nyaya, takribani asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Chumvi ya bahari hushika kwenye vikombe vya nguzo na kuruhusu umeme uvuje. Na mizigo yetu mingi ni ya mota: viyoyozi vya hoteli, mitambo ya barafu, pampu zinazovuta maji ya Sabaki kule Baricho kuyaleta hadi Mombasa.

Njia ni nyingi, ipi bora?

Laini za volti 11,000 huonekana kama matawi ya mti: shina ni kituo cha umeme, matawi ni mitaa. Lakini ncha za matawi mengi hukutana, na pale zinapokutana huwekwa swichi ambayo kwa kawaida huwa wazi, yaani haipitishi umeme. Laini moja ikikatika, swichi hiyo hufungwa ili mtaa upate umeme kutoka upande wa pili.

Wahandisi waliuliza swali jepesi: kwa nini swichi hizo zingoje ajali? Tuseme kuna laini mbili zenye ukinzani sawa. Moja imebeba ampea 80, ya pili 20. Kwa kanuni ya mraba, uzito wa hasara ni 6,400 na 400, jumla 6,800. Hamisha sehemu ya mtaa mmoja ili kila laini ibebe 50: sasa ni 2,500 na 2,500, jumla 5,000. Umepunguza zaidi ya robo ya hasara bila kununua hata mita moja ya waya. Umefunga swichi moja na kufungua nyingine.

Ugumu uko katika kuchagua. Mwaka 1989 wahandisi Mesut Baran na Felix Wu walichapisha mfano wa gridi ndogo ambao hadi leo wanafunzi wa fani hii duniani kote huutumia kupimia mbinu zao. Una vituo 33, volti 12,660, na laini 37. Ili kila kituo kipate umeme na pasiwe na mzunguko unaojirudia, ni lazima laini 5 ziwe wazi. Laini 5 kati ya 37 unaweza kuzichagua kwa njia 435,897. Ukiondoa zile zinazoacha mtaa gizani, zinabaki zaidi ya 50,000. Hiyo ni gridi ya kitoto. Ya mji halisi ina swichi mamia, na idadi ya njia haina mwisho wa kuhesabika.

Hapo ndipo algoridhimu inapoingia. Msiogope neno. Algoridhimu ni utaratibu wa hatua unaofuatwa moja baada ya nyingine hadi jibu lipatikane. Ya kutafuta lililo bora ina mambo matatu: kile kinachopunguzwa, ambacho hapa ni hasara, vile unavyoweza kubadilisha, ambavyo ni swichi, na masharti yasiyovunjwa: kila nyumba ipate umeme, volti zisishuke chini ya kiwango, waya usibebe kupita uwezo wake.

Na faida yake? Katika mfano huo wa vituo 33, hasara ya mpango wa awali ni kilowati 202.7. Mpango bora wa swichi unaishusha hadi kilowati 139.6 hivi. Ni punguzo la asilimia 31. Na volti za chini kabisa katika gridi hiyo, zilizokuwa asilimia 91 ya zinazotakiwa, zinapanda hadi karibu 94. Kwa soketi ya 240, hiyo ni kutoka 219 hadi 225. Mwenye friza mwisho wa laini anaijua tofauti hiyo.

Mbinu zenyewe

Ya kale zaidi ni ya Wafaransa Merlin na Back, mwaka 1975. Walisema: funga swichi zote umeme upite kila njia unayotaka, kisha fungua ile inayopitisha umeme mdogo kuliko zote, piga hesabu upya, fungua inayofuata, hadi matawi yabaki bila mzunguko. Mwaka 1988 Civanlar na wenzake wakaleta ya kubadilishana: funga swichi moja iliyo wazi, fungua jirani yake, na kama hasara imepungua, baki hapo, kama haikupungua, rudi ulikotoka.

Mbinu hizi ni za haraka, lakini zina kasoro ya mtu anayepanda mlima usiku. Kila hatua anakwenda juu, na anapofika kilele anafurahi, kumbe ni kichuguu tu na mlima uko ng'ambo. Ndipo watu wakaiga maumbile na kazi za mikono.

Kuna ya mhunzi, iliyochapishwa na Kirkpatrick na wenzake mwaka 1983. Chuma kikipozwa polepole hujipanga vizuri. Vivyo hivyo, hesabu inaruhusiwa mwanzoni kukubali mabadiliko mabaya ili itoke kwenye kichuguu, na ruhusa hiyo inapunguzwa kidogo kidogo.

Kuna ya ufugaji, ambayo misingi yake iliwekwa na John Holland mwaka 1975. Mipango mingi ya swichi inatengenezwa kama kundi la mbuzi. Iliyo bora inazalishwa, watoto wanarithi huku na huku, mmoja mmoja anabadilika kwa bahati, na dhaifu wanaondolewa. Baada ya vizazi vingi kundi linakuwa zuri.

Kuna ya sisimizi, aliyoianzisha Marco Dorigo mwaka 1992. Sisimizi wanaotafuta chakula huacha harufu njiani. Njia fupi hupitwa mara nyingi, harufu yake inakolea, na wengine wanaifuata. Na kuna ya kundi la ndege, ya Kennedy na Eberhart mwaka 1995. Kila ndege anakumbuka mahali pazuri alipopita yeye na pazuri palipoonwa na kundi, kisha anaelekea katikati ya pawili hapo.

Hakuna kati ya hizi inayoahidi jibu bora kabisa kila mara. Zinaahidi jibu zuri kwa muda mfupi, na kwa kazi hii mara nyingi hilo linatosha.

Si swichi peke yake

Mota zinahitaji umeme wa aina mbili: unaofanya kazi, na mwingine wa kwenda na kurudi unaojenga usumaku tu. Huu wa pili hauzungushi pampu, lakini unajaza waya na kuongeza hasara. Kifaa kinachoitwa kapasita kikiwekwa karibu na mota huutoa papo hapo, usisafirishwe kutoka mbali. Kwa laini ambayo mizigo imesambaa sawasawa, wahandisi wana kanuni ya theluthi mbili: weka kapasita ya theluthi mbili ya umeme huo, theluthi mbili ya safari kutoka kituoni, na utaondoa nane ya tisa ya hasara inayosababishwa nao. Lakini mizigo halisi haikusambaa sawasawa. Hoteli iko hapa, shamba liko pale. Kwa hivyo ngapi ziwekwe na wapi ni kazi ya algoridhimu zilezile. Mwenye kiwanda naye ana sababu ya kujali: mteja mkubwa ambaye kipimo chake cha matumizi mema ya umeme kiko chini ya 0.9 hutozwa zaidi.

Jambo lingine ni fezi. Transfoma ya mtaani ina fezi tatu, na kila nyumba ya kawaida hupachikwa kwenye moja. Mafundi tunajua nyumba mpya hupachikwa palipo rahisi kufika kwa ngazi. Fezi moja ikibeba ampea 60 na nyingine 30 na 30, ziada ya 30 hurudi kwenye waya wa nyutro nao ukapata joto. Kwa nyaya zilizo sawa, uzito wa hasara ni 6,300. Zikigawanywa 40, 40 na 40, nyutro inapumzika na uzito unashuka hadi 4,800, karibu robo nzima. Lakini nyumba 40 zinaweza kupangwa kwenye fezi tatu kwa njia ambazo idadi yake ina tarakimu 20. Fundi aliye juu ya nguzo hawezi kuzipima kichwani, kompyuta inaweza kumkaribia aliye bora.

Na kuna mahali pa kuweka mitambo midogo. Mtambo wa jua wa Langobaya, Malindi, wenye megawati 40, hutoa umeme karibu na wanaoutumia, na umeme usiosafiri mbali haupotei. Hata hivyo jua likiwekwa kupita kiasi mwisho wa laini nyembamba, adhuhuri ambapo watu hawapo nyumbani umeme utasafiri kurudi nyuma, na hasara itapanda badala ya kushuka. Ukubwa na mahali ni hesabu pia.

Palipo na ugumu

Nisiwadanganye. Kwanza, hesabu hula takwimu. Bila mita kwenye transfoma hakuna ajuaye nani anabeba nini na saa ngapi. Na wastani wa mwaka hautoshi. Mtaa wetu, ukija mwezi wa Ramadhani, huwaka saa tisa usiku kwa daku kama vile ni saa mbili jioni. Algoridhimu iliyolishwa wastani wa nchi itauona usiku huo kama usiku wa watu waliolala.

Pili, swichi nyingi zinahitaji mtu aende na gari na fimbo. Haziwezi kubadilishwa kila saa, na kila inapofunguliwa huchakaa. Kwa hivyo hesabu nzuri hupanga mabadiliko machache ya msimu, isipokuwa swichi ziwe za kuendeshwa kutoka mbali.

Tatu, wizi. Algoridhimu haipandi nguzo ikakata waya wa mwizi. Inachoweza ni kulinganisha: transfoma imetoa uniti ngapi, mita za wateja wake zimesoma ngapi, joto la waya lingekula ngapi. Kinachobaki kina jina. Na mita ileile inayofaa hesabu ya swichi ndiyo inayofaa hesabu hii, kwa hivyo pesa yake inafanya kazi mbili.

Nne, waya mwembamba ni mwembamba. Hata mpwa wangu na kompyuta yake asingeweza kupanga ule waya wangu wa 1.5 ukawa mzuri. Palipo na waya mbovu, ubadilishwe.

Tuulize nini

EPRA inapopitia bei za umeme huomba maoni ya umma. Mara nyingi tunakwenda kulalamikia bei tu, tunajibiwa kwa tarakimu, tunarudi nyumbani. Nashauri tuende na maswali. Ni transfoma ngapi za Pwani zenye mita? Ni lini mara ya mwisho laini za mtaa wetu zilipangwa upya kwa hesabu, na hasara ilishuka kiasi gani? Kapasita zilizowekwa zingali zinafanya kazi? Fezi husawazishwa kila baada ya muda gani? Hayo ni maswali yenye majibu, na anayeulizwa swali lenye jibu hupata tabu kulikwepa. Vyuo vyetu vya Pwani navyo vina vijana wanaofundishwa hesabu hizi kwa mfano wa vituo 33 wa mwaka 1989. Wangepewa takwimu za laini moja ya Likoni au Kilifi wangefanya kazi yenye faida kwao na kwetu.

Dadangu bado anauza barafu. Nilipomwambia kwamba kosa lilikuwa la waya wangu, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa tokeni zote hizo nilizonunua miaka mitatu, nani atanirudishia?" Sikuwa na jibu. Nilimvutia waya mpya bila malipo, na bado nadhani ananidai.